Kikulacho ki nguoni mwako: Nguo za zamani zinazonata na afya ya ngozi yako

HUENDA jambo hili limekwisha kukupata. Umeamka mapema, umeoga, ukavaa shimizi na juu yake rinda la mtindo wa zamani ulilolisaka kwa siku nyingi pale Gikomba au Toi. Mbele ya kioo lilikaa vyema. Lakini kabla hujafika kituo cha matatu, rinda limekwisha kupanda magotini na kung'ang'ania mapaja. Unalivuta chini, linatatarika na kupanda tena. Unashika mlango wa gari, unapigwa na cheche kidoleni. Na jioni unapovua nguo hizo, unakuta kiunoni na mapajani alama na mwasho ambao haukuwapo asubuhi.

Wengi wetu huichukulia kero hii kuwa ya urembo tu. Tunacheka, tunavuta nguo, tunaendelea na safari. Lakini wahenga hawakukosea waliposema kwamba kikulacho ki nguoni mwako. Nguo inayonata mwilini kutwa nzima hufungia joto na jasho kwenye ngozi, husugua mahali pale pale tena na tena, na yaweza kuwa mwanzo wa ugonjwa wa ngozi usiokwisha upesi. La kutia moyo ni kwamba kero hii ina dawa, na dawa yenyewe si ghali. Inaanza na nguo ile unayoivaa kwanza, ambayo hakuna mtu anayeiona.

Mkasa wa rinda la mama

Nakueleza haya kwa kuwa yalinifika mimi mwenyewe. Mama yangu ana rinda la krimplini, rangi ya samawati iliyokoza, alilolishonesha mwaka wa 1972 na kulitunza sandukuni miaka yote hii. Binti ya dada yangu alipoolewa mwezi wa Januari, nilimwomba mama nilivae siku hiyo. Alifurahi hata akalinyoosha kwa mikono yake mwenyewe.

Rinda lilikuwa jembamba kuliko nilivyo. Ili lisichore mwili, nilivaa kaptura ya kubana tumbo, juu yake stokingi, juu yake shimizi ya nailoni, kisha rinda. Nguo nne, na katika zote hamkuwa na uzi mmoja wa pamba. Tangu kanisani hadi ukumbini nilikuwa nikipigana na rinda hilo. Lilipozidi kupanda nilienda chooni nikaongeza shimizi ya pili, nikidhani itasaidia. Mambo yakawa mabaya zaidi. Mama alinitazama nikijivutavuta mbele ya wageni, akasema kwa sauti ya chini, "Mwanangu, sisi haya tulikuwa tukiyavalia shimizi za bafta." Sikumsikiliza. Bafta, kile kitambaa cheupe chepesi cha pamba, nilikiona kuwa cha bibi vizee.

Harusi ikapita, lakini ile kaptura ya kubana niliipenda, nikaendelea kuivaa kazini kila siku. Baada ya wiki moja hivi nikaanza kuwashwa kinenani. Niliona haya kumweleza mtu. Nikaingia duka la dawa, nikanunua krimu bila kuandikiwa na daktari. Kwa siku nne mwasho ulitulia. Kisha madoa yakaenea mapajani na kwenye makalio. Nami nikazidi kupaka. Ilipotimia miezi miwili ndipo nilipokwenda kumwona daktari wa ngozi. Alikwangua ngozi kidogo, akaitazama kwa hadubini, akaniambia kuwa ni ukungu, na kwamba krimu niliyokuwa nikiipaka ilikuwa imeusaidia kuenea.

Nilipona, lakini ilinichukua wiki nyingi na fedha ambazo zingalinunua shimizi kumi za pamba. Sitaki wewe upitie njia hiyo.

Kwa nini nguo hizi hunata?

Nguo nyingi za miaka ya 1960 na 1970 ambazo leo zinatafutwa sana na vijana zilishonwa wakati dunia ilipokuwa imezipenda mno nyuzi za viwandani. Nailoni ilivumbuliwa Marekani mwaka wa 1935 na Wallace Carothers na wenzake katika kampuni ya DuPont, na mwaka wa 1940 soksi ndefu za nailoni zikaanza kuuzwa huko kote. Uzi wa poliesta nao ulivumbuliwa Uingereza mwaka wa 1941 na John Whinfield na James Dickson. Krimplini, terilini na tetroni ambazo wazazi wetu walizivaa kwa maringo zote ni poliesta kwa majina tofauti. Uzi wa spandeksi, unaonyumbuka kama mpira na ambao leo umo katika karibu kila suruali ya kubana, ulivumbuliwa na Joseph Shivers mwaka wa 1958.

Wazazi wetu hawakuwa wajinga kuzipenda nguo hizo. Hazikunjamani, hukauka upesi, na hazihitaji pasi sana. Lakini sababu inayozifanya zikauke upesi ndiyo hiyo hiyo inayozifanya zinate: hazinyonyi maji. Katika hewa ya kawaida, pamba hushika unyevu unaokaribia asilimia 8 ya uzito wake, na sufi hushika zaidi ya hapo. Nailoni hushika kama asilimia 4. Poliesta haifikii hata nusu ya asilimia 1. Kwa hivyo jasho likitoka, poliesta haina pa kuliweka. Linabaki pale pale kati ya ngozi na nguo.

Huko kunata kwenyewe ni kwa namna mbili, na ni muhimu uzitofautishe, kwa sababu dawa ya moja si dawa ya nyingine.

Namna ya kwanza ni umeme tuli. Utakumbuka ulipokuwa shuleni mwalimu alikufundisha kusugua kalamu ya plastiki kwenye nywele, kisha ukaitumia kuinua vipande vya karatasi. Nguo zako hufanya vivyo hivyo. Zikisuguana unapotembea, chembe za umeme huhama kutoka nguo moja hadi nyingine. Nailoni ina tabia ya kuzitoa chembe hizo na poliesta ina tabia ya kuzipokea. Moja inabaki na chaji chanya na nyingine chaji hasi, nazo chaji hizo huvutana. Ndiyo sababu shimizi ya nailoni chini ya rinda la poliesta ni ndoa mbaya kupita zote. Na ndiyo sababu shimizi yangu ya pili ilizidisha balaa badala ya kuipunguza.

Ile cheche inayokupiga kidoleni isikutie hofu. Mtu kwa kawaida huanza kuihisi umeme huo unapofika kiasi cha volti 3,000, lakini ni umeme mdogo mno kwa wingi wake, na huisha mara moja. Unashtua, haudhuru.

Namna ya pili ni jasho. Kitambaa kisichonyonya maji kikilowa, hujibandika kwenye ngozi kama karatasi iliyolowa kwenye kioo. Hapa hakuna cheche wala kutatarika. Kuna joto, utelezi na harufu.

Nairobi si Mombasa

Ukiishi Nairobi, mji ulio zaidi ya mita 1,600 juu ya bahari, utasumbuliwa zaidi na umeme tuli katika Januari na Februari, hewa inapokuwa kavu mchana. Hewa yenye unyevu husaidia umeme kutoroka kwenye nguo. Hewa kavu huuacha ujikusanye. Aidha Nairobi ina tabia ya kutulazimisha kuvaa nguo juu ya nguo. Asubuhi kuna baridi, unavaa fulana, blauzi, sweta na koti. Saa sita jua limewaka, na wewe uko ndani ya matatu iliyojaa, huna nafasi hata ya kuinua mkono uvue koti. Hapo umeme unakuachia na jasho linakupokea.

Ukiishi Mombasa, Malindi au Kisumu, cheche utaziona kwa nadra kwa sababu hewa ina unyevu mwingi. Adui yako ni jasho. Akina mama wa Pwani wanaovaa buibui la poliesta juu ya rinda la poliesta wanalijua jambo hili vizuri kuliko mwandishi huyu.

Kama huna hakika ni lipi linalokusumbua, lowesha kiganja chako kwa maji kidogo, kisha kipitishe upande wa ndani wa pindo la nguo. Nguo ikikuachia mara moja, ulikuwa umeme tuli. Ikizidi kunata, ni jasho.

Nguo tatu, kazi tatu

Kosa letu kubwa ni kudhani kuwa kila nguo tunayoongeza huficha kosa la ile ya chini yake. Kuongeza nguo si vibaya, mradi kila moja iwe na kazi yake. Ya kwanza inyonye jasho, ya pili iteleze, na ya tatu ndiyo ionekane.

Nguo ya kwanza, inayogusa ngozi, iwe ya pamba na isibane. Chupi iwe ya pamba, na ikiwa unavaa stokingi, chagua zile zenye kipande cha pamba kati ya miguu. Wanaume wanaopenda mashati ya zamani ya tetroni au nailoni wavae fulana nyepesi ya pamba ndani. Mapaja yako yakisuguana, vaa kaptura ya pamba isiyobana badala ya ile ya kukaza tumbo.

Nguo ya pili ni shimizi. Chini ya rinda la poliesta, shimizi ya pamba laini ndiyo bora. Ukiona pamba inakwaruza na kulishika rinda lisiteremke, mwombe fundi akushonee shimizi iliyo pana kidogo kuliko rinda, isiyobana nyonga, na yenye mpasuo pembeni ili uweze kupiga hatua. Kama ni lazima uvae shimizi ya kiwandani, basi iwe ya jamii moja na rinda: poliesta kwa poliesta, nailoni kwa nailoni. Vitambaa vya jamii moja havinyang'anyani chembe za umeme sana. Kanuni hiyo hiyo ihusu bitana. Fundi akikuwekea bitana mpya kwenye nguo ya zamani, mweleze mapema nguo hiyo ni ya kitambaa gani.

Nguo ya tatu ndiyo hiyo uipendayo. Hapa kuna jambo ambalo wengi hulisahau: usiiamini namba iliyo kwenye lebo. Nguo za Uingereza za miaka ya 1970 zilikuwa ndogo kuliko nguo za leo zenye namba ile ile. Isitoshe, namba 12 ya Uingereza si namba 12 ya Marekani. Inakaribia namba 8 ya huko. Nenda sokoni na futi ya fundi. Pima kifua, kiuno na nyonga. Ukiisha kuivaa, keti, inama, na inua mikono. Vidole viwili visipopita kiunoni kwa urahisi ukiwa umeketi, nguo hiyo ni ndogo kwako. Kabla hujaiacha, igeuze ndani uangalie mishono. Nguo nyingi zilizoshonwa na mafundi wa zamani ziliachiwa kitambaa cha ziada ndani, na fundi mzuri anaweza kuipanua.

Ukiwa tayari uko njiani na nguo imeanza kunata kwa umeme, kuna njia za haraka. Pitisha kipande cha chuma, kwa mfano hanga ya waya, kati ya shimizi na rinda. Au funga pini ndogo ya chuma kwenye mshono wa pindo kwa ndani. Paka mafuta mepesi ya mwili miguuni kabla ya kuvaa stokingi, kwa kuwa ngozi kavu huzidisha umeme. Wakati wa kufua, dawa ya kulainisha nguo husaidia katika maji ya mwisho, lakini tumia kidogo. Manukato yake huwasha baadhi ya watu, nayo huipunguzia pamba uwezo wa kunyonya jasho.

Ngozi yako inasema nini?

Si kila mwasho ni ugonjwa mmoja. Kuna aina tatu ambazo hutokea mara nyingi kwa wavaaji wa nguo zinazonata.

Ya kwanza ni harara. Hivi ni vipele vidogo vidogo kama vichwa vya pini, vinavyochoma na kuwasha. Hutokea vitundu vya jasho vinapoziba mahali nguo ilipobana: mgongoni, chini ya matiti, kiunoni. Harara haihitaji dawa kali. Vua nguo, oga maji baridi, jikaushe vizuri, vaa nguo pana ya pamba. Kwa kawaida hutoweka baada ya siku chache.

Ya pili ni mzio, yaani mwili kukikataa kitu kilicho katika nguo. Baadhi ya rangi zinazotumiwa kwenye poliesta na nguo za bitana, hasa za buluu iliyokoza na nyeusi, zinajulikana kuwasha watu. Rangi hizo zinaweza kuchujuka kwa jasho na kuingia kwenye ngozi. Dalili yake ni kwamba upele hufuata mipaka ya nguo: kiunoni, ndani ya mapaja, nyuma ya magoti, na kuzunguka kwapa huku katikati ya kwapa kukiwa salama. Ukiona hivyo, acha kuvaa nguo hiyo kabisa. Ijaribu nguo ya rangi iliyokoza kabla ya kuinunua kwa kuisugua na kitambaa cheupe kilicholowa. Kitambaa kikibadilika rangi, na ngozi yako itabadilika.

Ya tatu ni ukungu, ule ambao wengi huuita fangasi au choa. Hupenda joto, giza na unyevu, kwa hivyo huanzia kinenani, chini ya matiti na katikati ya vidole. Kwa kawaida huanza na doa dogo linalopanuka kama duara, ukingo wake umeinuka na una magamba, na katikati panaonekana kama pamepona. Nguo haizalishi ukungu yenyewe. Huenda uliupata kutoka miguuni mwako, kwa taulo ya mwenzako, au kwa kushiriki nguo. Lakini nguo inayofungia jasho huutengenezea makao mema.

Kumbuka pia kwamba vitabu vingi huzungumzia wekundu. Katika ngozi nyeusi, wekundu huenda usionekane. Tafuta mahali palipozidi weusi, palipo na rangi ya zambarau au kijivu, palipovimba au kuwa na magamba.

Jihadhari na krimu ya kubahatisha

Hapa ndipo nilipoteleza mimi. Krimu nyingi zinazouzwa kwa ajili ya mwasho zina steroidi, kama vile betamethasoni au klobetasoli. Steroidi hutuliza mwasho kwa kuzuia mwili usipigane. Kama ugonjwa ni mzio, hilo huweza kusaidia likiamriwa na daktari. Lakini kama ni ukungu, unakuwa umemfunga askari mikono huku mwizi yu ndani. Mwasho unapungua, wewe unafurahi, na ukungu unaenea bila kelele. Lile duara linapoteza umbo lake, hata daktari anapata taabu kulitambua. Ukizidi kupaka, ngozi ya kinena hukonda na kubaki na michirizi isiyofutika.

Krimu nyingine huchanganya steroidi na dawa ya ukungu na dawa ya bakteria katika tyubu moja. Zinapendwa kwa kuwa mgonjwa huona nafuu upesi, lakini usizitumie kwa kubahatisha. Ukungu wa ngozi hutibiwa kwa dawa ya ukungu peke yake, kama klotrimazoli au terbinafini, jinsi utakavyoelekezwa, na usiiache pindi tu mwasho unapoisha. Soma maandishi kwenye tyubu, na umwulize mwuza dawa waziwazi: "Hii ina steroidi?"

Mwone daktari ikiwa madoa yanaenea, yanatoa usaha, yanauma, au hayajapungua baada ya wiki mbili za dawa. Kama ukungu unakurudia mara kwa mara, omba upimwe sukari, kwani huenda ikawa ni dalili ya ugonjwa wa kisukari. Na tafadhali usione haya. Daktari wa ngozi ameona vinena vingi kabla ya chako.

Kabla ya kuvaa nguo ya mtumba

Tangu masharti ya uagizaji yalegezwe mapema katika miaka ya 1990, mitumba imekuwa nguo za kila tabaka hapa nchini. Mnamo Machi 2020 serikali iliisimamisha biashara hiyo ya uagizaji kwa hofu ya ugonjwa wa Covid-19, kisha ikairuhusu tena Agosti mwaka huo. Marobota hufukizwa dawa kabla ya kuingizwa. Lakini dawa hiyo huua wadudu tu. Haiondoi jasho la mtu wa kwanza, vumbi la sokoni, wala rangi iliyolegea. Fua nguo kabla ya kuivaa hata kama inaonekana safi, uisuuze mara mbili, uianike ikauke kabisa. Sokoni, jaribu nguo juu ya nguo nyingine nyembamba, si kwenye ngozi tupu, kwani hujui ni nani aliyeijaribu dakika kumi kabla yako.

Nguo za sandukuni nazo zina hatari yake. Vile vidonge vyeupe vya kufukuza nondo mara nyingi huwa na nafthalini. Watu wenye upungufu wa kimeng'enya kiitwacho G6PD, ambao ni wa kurithi na huonekana zaidi kwa jamii za maeneo ya malaria kama Pwani na eneo la Ziwa Victoria, wanaweza kuvunjikiwa na chembe nyekundu za damu kwa sababu ya nafthalini. Watoto wachanga ndio walio hatarini zaidi. Usimfunike mtoto kwa nguo iliyotoka kwenye vidonge hivyo kabla haijapigwa hewa na kufuliwa. Mtu akipata manjano ya macho au mkojo mweusi kama chai ya rangi, mpeleke hospitali mara moja.

Kubana na moto

Mambo mawili mengine usiyapuuze. La kwanza ni kubana kwenyewe. Pembeni mwa nyonga hupita mshipa wa fahamu unaohisi ngozi ya paja kwa nje. Mkanda, suruali ya kubana au kaptura ya kukaza tumbo ikiukandamiza kwa muda mrefu, paja hufa ganzi au huchoma kama limepakwa pilipili. Wanaume kwa wanawake hupatwa na hali hii. Aidha nguo inayobana tumbo husukuma asidi ya tumbo ipande kifuani, ukahisi kiungulia baada ya kula. Katika hali zote mbili, dawa ya kwanza ni kulegeza nguo.

La pili ni jikoni. Nailoni na poliesta hazigeuki majivu kama pamba. Huyeyuka na kugandamana na ngozi, na kuzidisha kidonda cha moto. Usisimame mbele ya jiko la makaa au la mafuta ukiwa na rinda la krimplini lenye mikono mipana. Jifunge leso ya pamba au ubadilishe nguo. Ajali ikitokea, zima moto, mwagia mahali palipoungua maji safi ya baridi yanayotiririka kwa dakika 20, na usiibandue nguo iliyoshikana na ngozi. Hiyo waachie wa hospitali.

Valia, lakini kwa akili

Sikuambii uache nguo za zamani. Zina mishono mizuri, zina rangi zisizopatikana madukani siku hizi, na nyingine zina kumbukumbu za watu tunaowapenda. Ninachokuambia ni kwamba uchague kwanza ya ndani ndipo uchague ya nje, na usitibu kwa krimu kinachoweza kutibiwa kwa kubadilisha shimizi.

Rinda la mama bado ninalo. Nilimpelekea fundi akalipanua kiunoni inchi moja na nusu, kisha nikanunua bafta mita mbili, akanishonea shimizi. Nimelivaa mara tatu tangu wakati huo. Halijapanda tena magotini, wala sijajikuna. Mama aliponiona nalo mara ya mwisho aliishika shimizi pindoni, akaifikicha kwa vidole, akacheka. Hakusema neno, na mimi sikuhitaji aseme.